Drifti haikuanza na magari ya matajiri

Safari hii tunaandika kuhusu magari. Tunajua kuna watakaosema: sisi ambao hata baiskeli ni ya kuazima, magari ya mashindano yanatuhusu nini? Subirini kidogo.

Msimu wa mvua uliopita tuliangalia Tokyo Drift kwenye kibanda cha video. Watu walijaa mpaka mlangoni. Siku mbili baadaye mwenzetu mmoja wa bodaboda akajaribu kuserereka kwenye kona yenye tope, na abiria nyuma. Abiria alipona. Yeye alivunjika mguu, mpaka leo anatembea na mkongojo. Tulipoenda kumpa pole alituambia, "Mimi nilidhani wale wanafanya tu." Neno hilo lilitukaa kichwani. Tukaanza kutafuta: wale walianzia wapi, kwa gari gani, na walijifunza vipi?

Kwanza tuelewane. Drifti ni kuliacha gari liserereke nyuma kwenye kona kwa makusudi, huku dereva akilishika kwa usukani na mafuta ili lisizunguke wala lisitoke nje ya barabara. Pua inaangalia ndani ya kona, tairi za mbele zimegeuzwa upande wa pili, nyuma moshi. Kwa mtu anayetazama ni kama ajali. Kwa dereva ni hesabu.

Ndiyo maana si kila gari linafaa. Chukua Probox inayopeleka watu sokoni. Hiyo inavutwa na tairi za mbele: zilezile zinavuta, zilezile zinakata kona. Ukizidisha mafuta zinashindwa kazi zote mbili, gari linanyoosha kwenda mtaroni. Gari linalosukumwa na tairi za nyuma limegawa kazi. Mbele kunaelekeza, nyuma kunasukuma. Ukiongeza mafuta nyuma kunapoteza mshiko na kutoka pembeni, lakini usukani bado unao. Hapo ndipo mchezo wote ulipo.

Sasa historia yenyewe. Wajapani wakitaja aliyeanzisha, wengi wanamtaja Kunimitsu Takahashi, aliyezaliwa 1940. Na huyu alianza na pikipiki! Mwaka 1961, akiwa juu ya Honda, alikuwa Mjapani wa kwanza kushinda mbio za pikipiki za ubingwa wa dunia, kule Ujerumani Magharibi. Mwaka uliofuata alianguka vibaya katika mbio za Isle of Man, akaumia sana. Baadaye akahamia kwenye magari, na miaka ya 1970 akawa maarufu na Nissan Skyline. Tairi za wakati ule hazikushika lami kama za leo. Takahashi aliingia kwenye kona kwa kasi, akaliacha gari liserereke, ili likifika katikati ya kona pua iwe tayari imeelekea njia ya kutokea. Kwa hiyo mwanzoni haikuwa maonyesho. Ilikuwa namna ya kutoka kwenye kona bila kupoteza mwendo.

Kijana mmoja aliyekuwa anamtazama aliitwa Keiichi Tsuchiya, aliyezaliwa 1956 katika mkoa wa Nagano, nchi ya milima. Hakuwa na kiwanja cha mashindano cha kufanyia mazoezi kila siku. Alichokuwa nacho ni barabara za mlimani, nyembamba, kona juu ya kona, ambazo Wajapani wanaziita touge. Usiku zikiwa tupu alipanda na kushuka, tena na tena. Huyo ndiye baadaye waliyemwita Mfalme wa Drifti.

Gari lililompa jina si gari la kifahari. Ni Toyota ya familia ya Corolla, inayojulikana kwa namba yake: AE86, iliyotengenezwa kuanzia 1983 hadi 1987. Wakati huo Toyota ilikuwa inahamishia Corolla kwenye mvuto wa tairi za mbele, lakini hizi za milango michache zilibaki na mtindo wa zamani wa kusukumwa na nyuma. Injini yake ni lita 1.6, na gari zima halifiki tani moja. Nguvu zake kwenye karatasi ni farasi 130 tu. Leo kuna magari ya kupeleka watoto shule yenye nguvu kuliko hiyo.

Kwa nini basi vijana walilichagua? Bei ilikuwa ndogo na vipuri vilikuwepo. Lakini sababu iliyotugusa zaidi ni nyingine: gari dhaifu linafundisha. Gari la nguvu nyingi ukikosea unakanyaga mafuta, nguvu inakuficha. AE86 haikufichi. Lazima uingie na mwendo wa kutosha, lazima ujue uzito uko wapi. Ukifunga breki kabla ya kona, uzito unaenda mbele na nyuma kunakuwa kwepesi. Ukigeuza kwanza kidogo upande wa pili halafu ukarudisha haraka, gari linayumba na mkia unafuata. Ukikanyaga klachi na kuiachia ghafla injini ikiwa inanguruma, tairi za nyuma zinashtuka na kuteleza. Halafu kuna breki ya mkono. Ni mambo manne tu, mtu anaweza kuyajua kwa saa moja. Kuyaunganisha ndiyo kazi ya miaka.

Mwaka 1987 Tsuchiya alitoka kwenye video inayoitwa Pluspy, akishuka mlima na AE86 yake. Video ilisambaa, na leseni yake ya udereva ikasimamishwa. Vijana wengi wakamuiga. Mwaka 1988 Nissan ikatoa Silvia ya S13, nayo ya kusukumwa na nyuma, na miaka ilivyokwenda ikashuka bei kwenye soko la mitumba. Milima ikajaa magari usiku.

Hapa lazima tuseme na upande ambao filamu inaupita haraka. Touge ni barabara ya watu wote. Mbele ya kona huoni nani anakuja. Ajali zilitokea, polisi wakaanza misako, na barabara nyingi zikawekewa matuta na vizuizi ili magari yasiserereke. Waliokuwa wanaupenda mchezo huu kweli ndio waliona kwamba ukibaki mlimani utakufa, na utawaua watu. Tsuchiya mwenyewe, pamoja na Daijiro Inada wa jarida la magari la Option, walikuwa miongoni mwa waliouhamishia viwanjani. Mwishoni mwa 2000 mashindano ya D1 yalifanyika katika kiwanja cha Ebisu, mkoa wa Fukushima, na 2001 yakawa ya msimu mzima. Mshindi wake si anayefika wa kwanza. Waamuzi wanaangalia kasi, pembe ya kuserereka na njia aliyopita. Marekani walianza ligi yao, Formula Drift, 2004. Filamu ikaja 2006.

Na kama mnakumbuka filamu yenyewe: yule Mmarekani akipewa Silvia kwa mara ya kwanza anaiponda ukutani. Baadaye anafanya mazoezi bandarini, na kuna mvuvi amekaa pale anamcheka. Mvuvi yule ndiye Tsuchiya mwenyewe. Tuliangalia mara tatu bila kujua!

Hata Afrika kuna ndugu wa mchezo huu. Kule Soweto, miaka ya 1980, watu walizungusha magari kwenye mazishi ya majambazi, kama heshima kwa marehemu. Gari lao ni BMW ya kisanduku, 325iS, wanaloliita Gusheshe. Nalo linasukumwa na nyuma. Watu walilihusisha na wizi na vifo kwa miaka mingi. Mwaka 2014 kuzungusha magari kukatambuliwa rasmi kuwa mchezo wa magari Afrika Kusini. Unaona? Njia ni ileile: barabarani, kwenye lawama, halafu kiwanjani.

Hata huku tuliko, Mark II, Chaser, Altezza na Mark X zinazopita na vumbi ni magari ya kusukumwa na nyuma. Chaser ambayo kwetu inabeba magunia, kwa Wajapani ni gari linaloheshimiwa sana kwenye drifti. Hatusemi mkaazime ya mtu! Tunasema tu kwamba kitu kinachodharauliwa mahali pamoja, pengine ni dhahabu.

Wanaofundishwa viwanjani leo wanaanza chini kabisa. Uwanja mpana usio na watu, umemwagiwa maji ili tairi ziteleze kwa mwendo mdogo. Koni moja katikati: unaizunguka mpaka ujue kiasi cha mafuta. Halafu koni mbili, unachora namba nane ili ujifunze kuhamisha uzito toka upande mmoja kwenda mwingine. Hapo ndipo kona ya kwanza. Kofia ngumu kichwani, mkanda umefungwa, hakuna abiria wa kulipa nauli.

Tumemsomea haya yote mwenzetu mwenye mkongojo. Alicheka, akasema, "Kumbe nilianzia mwisho." Ndiyo, alianzia mwisho, na hakuwa peke yake. Wengi wetu tunaona matunda ya mtu kwenye skrini, hatuoni usiku wake. Sisi hatumwambii asiote. Takahashi alianguka na pikipiki akiwa kijana kama yeye.

Mwaka 1995, kwenye mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, gari la Honda NSX lilishinda daraja lake. Madereva wake walikuwa watatu, wakipokezana. Mmoja ni Akira Iida. Wa pili ni Takahashi, miaka 55. Wa tatu ni yule kijana wa milimani aliyekuwa anamtazama, Tsuchiya.