Nani Analipia Makala ya Bure?

Henry Oldenburg, katibu wa Royal Society ya London, alipoanzisha jarida la Philosophical Transactions mwaka 1665, alitia fedha zake mwenyewe akitumaini faida. Aliambulia kidogo sana. Aliyekuja kuinusa pesa katika majarida ya kitaaluma ni Robert Maxwell, baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mwandishi hadai malipo, mhakiki hufanya kazi bure, na maktaba ya chuo haina pa kukimbilia, kwa sababu jarida moja halizibi pengo la jingine. Biashara gani nyingine hupewa malighafi bure kiasi hicho? Mwaka 1991 Maxwell aliiuza kampuni yake, Pergamon, kwa mchapishaji Elsevier kwa pauni milioni 440.

Agosti ya mwaka huohuo, mwanafizikia Paul Ginsparg wa Los Alamos alifungua hazina ya kompyuta ambamo wenzake waliweka makala zisomwe bila malipo; ndiyo arXiv ya leo. Tamko la Budapest la Februari 2002 likalifanya jambo hilo kuwa dai la wanazuoni wa fani zote.

Lakini wahariri na seva hugharimiwa. Jarida la kusomwa bure la PLoS Biology, lililoanza Oktoba 2003, lilimtoza mwandishi dola 1,500. Makampuni makubwa yakaona hapo pana ulaji. Kampuni ya Springer ikamnunua BioMed Central, mchapishaji wa majarida ya aina hiyo, mwaka 2008, na mwishoni mwa 2020 jarida la Nature likatangaza ada ya euro 9,500 kwa makala moja ya kusomwa bure. Msomaji akatuliwa mzigo, akatwishwa mwandishi.

Baadhi ya wachapishaji husamehe ada kwa watafiti wa nchi za kipato cha chini, na huipunguza tu kwa zile za kipato cha kati cha ngazi ya chini. Julai 2020 Tanzania ilipandishwa daraja kuwa ya kipato cha kati cha ngazi hiyo. Heshima ile ina bili yake.

Amerika ya Kusini majarida mengi ya vyuo vikuu hayamtozi msomaji wala mwandishi. Gharama hubebwa na fedha za umma. Tanzania nayo imeonyesha kuwa fedha ipo: tangu mwaka 2022 serikali imetenga tuzo ya hadi shilingi milioni 50 kwa makala ya mwanasayansi iliyotoka katika jarida lenye hadhi ya kimataifa. Serikali hiyohiyo itenge na fungu la wahariri na seva za majarida ya vyuo vyetu wenyewe.