Bunduki ya Marehemu: Zaidi ya Karne ya Silaha na Urithi Mpakani Busia na Malaba

Tarehe 2 Julai 1890, wajumbe wa mataifa makubwa walitia sahihi mkataba mjini Brussels. Shabaha yake kuu ilikuwa kukomesha biashara ya watumwa, lakini ndani yake mlikuwa na vifungu kuhusu bunduki. Kutoka latitudo ya 20 kaskazini hadi ya 22 kusini mwa ikweta, uingizaji wa bunduki za kisasa ulipigwa marufuku, ila kwa wachache watakaotoa dhamana kwamba silaha waliyopewa hawataigawa, hawataihamisha wala kuiuza kwa mtu mwingine. Busia na Malaba, miji ya mpaka wa Kenya na Uganda iliyo kaskazini kidogo tu ya ikweta, ziliangukia katikati ya ukanda huo. Hakuna mwenyeji, awe Mkhayo, Msamia au Mteso, aliyeulizwa.

Sharti hilo halikufa pamoja na ukoloni. Wakili wa mirathi mjini Busia anapomweleza mjane kwa nini bunduki ya mumewe haiwezi kukabidhiwa kifungua mimba papo hapo, anarudia kwa maneno mengine yaliyoandikwa Brussels: ruhusa ya kushika silaha hupewa mtu, wala haipewi ukoo. Shamba hurithiwa, ng'ombe hurithiwa, hata deni hufuata mali ya marehemu. Ruhusa ya bunduki hukoma na pumzi ya mwenyewe.

Vita juu ya bunduki za nani

Mabishano ya kwanza makubwa katika eneo hili kuhusu nani mwenye bunduki hayakuamuliwa mahakamani. Miaka ya 1890, Mumias ilikuwa kituo cha misafara ya kutoka pwani kuelekea Uganda, chini ya Nabongo Mumia wa Wanga. Waswahili walipita na pembe, nguo na bunduki, na Waingereza wakafuata njia hiyohiyo. Baadhi ya askari wa Kisudani waliokuwa kwenye kituo hicho walitoroka na kuuzia Wabukusu bunduki zao. Machoni pa Wabukusu, hiyo ilikuwa biashara iliyokwisha: mali imetoka, bidhaa imeingia. Machoni pa serikali, askari aliuza kisichokuwa chake, na aliyenunua hakupata kitu.

Kikosi kilichotumwa kuzidai bunduki hizo kiliuawa. Mwaka 1895, ofisa wa Kiingereza C. W. Hobley akaongoza msafara wa kijeshi uliovunja ngome ya Lumboka, kisha ngome ya Chetambe karibu na Webuye ya leo. Watu wengi walikufa na mifugo ikachukuliwa. Kanuni iliyobaki ilieleweka hadi mpakani: bunduki unayoishika ni ya serikali mpaka serikali iseme vinginevyo, hata kama uliilipia.

Wakati huo nchi yote hii ilihesabiwa kuwa Uganda. Mwaka 1902, Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulihamishiwa upande wa Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye iliitwa Kenya. Wasamia na Wateso wakajikuta pande mbili za mstari, kaka huku, shemeji kule. Ukoo haukugawanyika, lakini vitabu vya sheria viligawanyika, na jambo hilo lina uzito mkubwa kwenye mirathi kuliko watu wanavyodhani.

Kutoka Hali ya Hatari hadi Sura ya 114

Chini ya ukoloni, Mwafrika aliyeruhusiwa kuwa na bunduki alikuwa mtu wa kuonyeshwa kwa kidole. Walowezi wa Trans Nzoia walikuwa nazo za kuwindia na kulinda mashamba. Upande wa Busia, silaha iliyozoeleka kwenye boma ilikuwa mkuki, na desturi ya kuurithisha ilikuwa wazi. Siku ya kunyolewa, baada ya mazishi, wazee waliketi, madeni ya marehemu yakatajwa, na mrithi akakabidhiwa mkuki, ngao au kigoda mbele ya watu. Bunduki ilipoingia katika familia chache, watu waliipokea kwa kanuni ya mkuki.

Sheria haikuipokea hivyo. Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, kushika silaha bila ruhusa kukawa kosa la kunyongewa. Kiongozi wa Mau Mau, Dedan Kimathi, alihukumiwa kifo Novemba 1956, shtaka likiwa kupatikana na bastola na risasi, akanyongwa Februari 18, 1957. Katika miaka hiyohiyo, mwaka 1953, ndipo ilipotungwa Sheria ya Silaha, ambayo hadi sasa ni Sura ya 114 ya sheria za Kenya. Imerekebishwa mara nyingi, lakini uti wa mgongo ni uleule: hakuna ruhusa ya kununua, kupokea wala kukaa na bunduki au risasi bila cheti chenye jina lako. Kupokea huko kunajumuisha zawadi na hata kuazimwa. Kwa hiyo baba aliyeandika wosia kwamba bunduki yake apewe mwanawe hajakosea kuandika, lakini maandishi yake hayamruhusu mwana kuigusa.

Uhuru ulikuja na sheria nyingine. Sheria ya Urithi ilipitishwa mwaka 1972 na kuanza kutumika Julai 1, 1981. Kifungu chake cha 45 kinamkataza mtu yeyote kushika au kugawa mali ya marehemu kabla ya kupata idhini ya mahakama. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 10,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Sheria hiyo haimbagui binti. Anahesabiwa mtoto kama kaka yake, jambo ambalo kanuni ya mkuki haikulijua.

Chukua boma moja la Nambale au Amagoro kama mfano. Mzee, mwalimu mstaafu, alikuwa na bunduki ya marisau yenye leseni halali. Wiki moja baada ya mazishi, mjane anafungua sanduku la bati na kuikuta imefungwa kwenye gunia, karibu na paketi ya risasi na kijitabu cha leseni. Mwana mkubwa anaichukua hadi nyumbani kwake, “isije ikaibwa.” Kwa hatua hiyo moja, huenda amegusa makosa mawili: la kuingilia mali ya marehemu na la kukaa na silaha bila cheti. La pili ndilo zito zaidi. Njia salama ni kwenda kwa chifu au moja kwa moja kituo cha polisi, ikiwezekana polisi waje wenyewe kuichukua, kupeleka bunduki na risasi zote, kuandikishwa katika kitabu cha matukio (OB), na kuondoka na nambari ya OB. Nambari ya bunduki yenyewe nayo iandikwe pale, herufi kwa herufi, maana wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari.

Baada ya hapo familia inafuata njia mbili kwa wakati mmoja. Mahakamani, mjane ndiye anayetangulia kufikiriwa kuwa msimamizi wa mirathi, na bunduki inaorodheshwa pamoja na shamba na ng'ombe. Upande wa leseni, yeyote anayeitaka anaomba cheti chake kama mgeni mwingine yeyote: rekodi yake ya uhalifu inaangaliwa, afya ya akili inaangaliwa, na sababu ya kuihitaji inaulizwa. “Ilikuwa ya baba” si sababu. Akikataliwa, bunduki inaweza kuuzwa kwa muuzaji aliyesajiliwa au kwa mtu mwenye cheti, na fedha zikagawanywa kwa warithi wote, mabinti wakiwamo. Hapo ndipo siri ya sheria inapofunuka: kinachorithiwa ni thamani ya chuma, na mamlaka ya kukishika yanabaki Nairobi.

Bunduki zisizo na baba

Si bunduki zote za mpakani zilizoingia kwa leseni. Idi Amin alipoanguka mwaka 1979, ghala la silaha la kambi ya Moroto liliporwa, na bunduki za kivita zikaenea Karamoja. Miaka ya 1986 na 1987 Wateso wa Uganda walipoteza mifugo yao kwa uvamizi, wengine wakavuka kwa jamaa zao upande wa Kenya. Desemba 1987 majeshi ya Kenya na Uganda yalifyatuliana risasi palepale Busia. Kaskazini ya Malaba, katika Mlima Elgon, mgogoro wa ardhi ulizaa kundi la wapiganaji la Sabaot Land Defence Force (SLDF), lililozimwa na operesheni ya kijeshi ya mwaka 2008. Katika vurugu kama hizo silaha huingia vijijini, na baadhi hubaki zimefukiwa.

Kwa bunduki ya namna hiyo, hakuna mirathi ya kuzungumzia. Sheria ya Kenya inazitaja AK-47, G3 na MP5 kwa majina, na atakayepatikana nayo bila idhini anaweza kufungwa maisha. Hakuna hakimu atakayempa mtu barua ya usimamizi juu yake. Anayeikuta chini ya sakafu ya marehemu hana cha kurithi, ana cha kusalimisha tu, na anayeisalimisha mapema, mbele ya mashahidi, yuko salama kuliko anayengoja msako. Hatima ya silaha kama hizo ilionekana Ngong, Novemba 15, 2016, serikali ilipochoma moto bunduki 5,250.

Mpaka nao huongeza fundo lake. Tuseme mjomba amefariki Busia ya Uganda akiwa na bunduki halali chini ya Sheria ya Silaha ya Uganda ya mwaka 1970, na mrithi wake anaishi Matayos, upande wa Kenya. Barua ya usimamizi iliyotolewa na mahakama ya Uganda inaweza kuwasilishwa Kenya na kutiwa muhuri wa mahakama ya huku, chini ya kifungu cha 77 cha Sheria ya Urithi. Kwa hiyo karatasi ya mirathi huvuka. Bunduki haivuki kwa karatasi hiyo. Inahitaji kibali cha kuitoa Uganda, kibali cha kuiingiza Kenya, na cheti cha mpokeaji. Kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa Busia Februari 2018 na marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni kilifupisha foleni za malori, lakini hakikuifanya silaha kuwa mzigo wa kawaida. Nchi zote mbili zilisaini Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 kuhusu silaha ndogondogo, ambayo inadai silaha ziwekwe alama na ziwe na kumbukumbu. Kijana atakayeipitisha kwenye bodaboda kupitia njia za panya, akidhani anachukua urithi wake, atashtakiwa kama mlanguzi.

Daftari jipya

Kwa muda mrefu leseni nyingi za Kenya zilikuwa vijitabu vya karatasi, na mwenye kijitabu akifa, bunduki iliweza kukaa miaka nyumbani bila mtu kuuliza. Marekebisho ya sheria za usalama ya mwaka 2014 yaliunda Bodi ya Leseni za Silaha. Kufikia mwisho wa 2018, waziri wa usalama wa ndani wa wakati huo, Fred Matiang'i, alitangaza kwamba kila mwenye bunduki apigwe msasa upya na silaha yake iandikishwe kidijitali. Tangu hapo bunduki ya marehemu inaacha pengo linaloonekana: leseni haikuhuishwa, mwenyewe hajafika, na nyumba yake inajulikana.

Hivyo kinga ya familia ya mpakani inaanza mzee akiwa hai. Anayetaka bunduki yake ibaki kwa mtoto aanze mapema kumsindikiza mtoto huyo kwenye ombi la cheti, ili ihamishwe kisheria wote wawili wakiwa wamesimama mbele ya afisa. Asiye na mtoto anayefaa aiuze mwenyewe na fedha aziandike kwenye wosia. Na mjane ajue silaha iko wapi na nambari yake ni ipi, kabla hajaachwa peke yake na sanduku la bati na wana wanaobishana. Tangu Brussels, serikali haijawahi kukubali kwamba bunduki ni mali ya ukoo. Anayelielewa hilo mapema anawaachia watoto wake urithi. Anayelipuuza anawaachia kesi.