Gurudumu Lichomoze Kiasi Gani? Historia Fupi ya Ofseti ya Rimu za Pikapu

Leo tuweke mbegu na mbolea pembeni kidogo, tuzungumze kuhusu gari linalobeba mazao yako.

Msimu uliopita mnunuzi mmoja wa mahindi katika kata ninayofanyia kazi aliifunga pikapu yake rimu zilizochomoza nje ya madigadi. Gari lilipendeza kweli. Baada ya miezi michache, likiwa na magunia mgongoni, beringi ya gurudumu la mbele ilikufa njiani, mbali na fundi. Mahindi yalinyeshewa usiku kucha, na mzigo uliofika sokoni haukupata bei aliyoahidiwa. Fundi alipofungua alimweleza kwamba alibadilisha rimu lakini habu ilibaki ileile. Maelezo hayo yana historia ndefu, na ukiifahamu hutadanganywa dukani.

OFSETI NI NINI?

Kila rimu ina bamba la katikati linalokaa kwenye habu, penye matundu ya nati. Ofseti ni umbali kati ya uso wa bamba hilo unaogusa habu na mstari wa katikati ya upana wa rimu. Uso ukiwa katikati kabisa, ofseti ni 0. Ukisogea upande wa nje, tairi huingia ndani ya gari, na ofseti huitwa chanya. Ukisogea upande wa ndani, tairi huchomoza nje, na ofseti huitwa hasi.

Hupimwa kwa milimita, na rimu nyingi zimeandikwa ET na namba, kwa mfano ET30. Herufi hizo zinatokana na neno la Kijerumani Einpresstiefe. Wamarekani wamezoea kipimo kingine, kina cha nyuma: kutoka ukingo wa ndani wa rimu hadi uso unaogusa habu, kwa inchi.

KWANZA GURUDUMU LILIFUATA NJIA

Unazijua barabara zetu za masika. Matairi huchimba mifereji miwili, na anayekuja nyuma hana budi kuifuata. Ford walikutana na jambo hilohilo. Model T ilipotoka mwaka 1908, nafasi ya kawaida kati ya gurudumu la kushoto na la kulia ilikuwa inchi 56. Lakini kusini mwa Marekani mikokoteni ilikuwa imeshachimba mifereji ya inchi 60. Gari la inchi 56 lingekwenda upande mmoja mferejini, mwingine juu ya tuta. Kwa hiyo Ford wakatengeneza pia Model T ya inchi 60 kwa ajili ya kusini. Angalia walivyofanya: walipanua gari kiwandani, hawakumwachia mteja achomoze magurudumu mwenyewe.

KISHA LIKAFUATA MISTARI YA MAZAO

Mwaka 1946 trekta la Ferguson TE20 lilianza kutengenezwa Coventry, Uingereza. Mkulima aliweza kupanua au kubana magurudumu yake kwa hatua za inchi 4, kwa kugeuza bamba na kubadilisha upande wa kufungia rimu. Utaratibu huo utauona hata kwenye Massey Ferguson 135, trekta lililotoka mwaka 1964. Mahindi yakipandwa kwa mistari ya sentimita 75, magurudumu yaliyo umbali wa sentimita 150 hivi hupita katikati ya mistari bila kukanyaga mche.

Hapa ofseti ni zana ya kilimo. Ndiyo maana wengine husema, kama trekta linageuzwa rimu, pikapu ina nini? Jibu ni kwamba ekseli ya trekta ilijengwa nene tangu mwanzo ili ibebe nafasi zote hizo, tena kwa mwendo mdogo. Pikapu ilijengwa kwa nafasi moja, na inakimbia.

MWISHO LIKAFUATA BERINGI NA USUKANI

Mwaka 1972 Audi 80 ilitoka na mpangilio wa mbele ambao gurudumu moja likishika breki zaidi ya jingine, usukani unasaidia kulirudisha gari kwenye mstari. Ili kulipata hilo, wahandisi walipanga rimu, breki na mhimili wa kugeukia kwa pamoja. Ukichomoza rimu za gari la namna hiyo, unauvuruga mpango wote, na usukani unaanza kuvuta.

Toyota nao walitoa somo mwaka 2007. Walipoweka injini ya V8 ya dizeli kwenye Land Cruiser za mfululizo wa 70 zilizouzwa Australia, walipanua ekseli ya mbele, ya nyuma wakaiacha. Mbele ikazidi nyuma kwa milimita 95. Kwenye mchanga na matope, matairi ya nyuma hayakufuata mifereji ya mbele, yakawa yanachimba yake. Ni shida ya Model T imerudi baada ya karibu miaka 100! Baadhi ya wenye magari walifunga rimu zilizochomoza nyuma, wengine wakagharamia ekseli pana. Njia ya rimu ni rahisi kwa bei, lakini mzigo wake unalipwa na beringi.

Kwa nini? Beba ndoo ya maji karibu na mwili, kisha ibebe mkono ukiwa umenyooka. Ndoo ni ileile, bega ndilo linaloumia. Beringi ni bega la gurudumu.

UFANYE NINI KABLA YA KUNUNUA

Toa gurudumu la gari lako, lilaze uso wa nje ukiwa chini. Weka ubao ulionyooka juu ya ukingo wa rimu, kisha pima kwa rula kutoka kwenye ubao hadi uso unaogusa habu. Hicho ndicho kina cha nyuma. Rimu ya inchi 7 ina takriban inchi 8 kutoka ukingo hadi ukingo, yaani milimita 203. Nusu yake ni 102. Ikiwa ni ET30, utapata kama 132. Ukienda dukani na kukuta ya upana uleule yenye 102, hiyo ni ET0: kila tairi litachomoza milimita 30 zaidi.

Mambo ya kuzingatia:

- Chagua rimu yenye ofseti ya kiwandani, au karibu nayo sana.
- Ofseti ikizidi mno upande wa chanya, tairi au rimu inaweza kusugua springi au breki.
- Matundu kulingana hakutoshi. Pikapu nyingi zina nati 6, lakini tundu la katikati na ofseti hutofautiana. Land Cruiser za mfululizo wa 70 zenyewe zilihama kutoka nati 6 kwenda 5 mwaka 1999.
- Usipachike spesa ili kulazimisha rimu isiyo yake.
- Kama umeshafunga rimu zilizochomoza, mwambie fundi akague beringi za magurudumu kabla ya msimu wa mavuno, siyo baada ya kukwama.

Ford, Ferguson na Toyota, kila mmoja alisogeza gurudumu kwa sababu: njia, mazao au mashine. Kabla hujasogeza lako, jiulize sababu yako ni ipi. Kama ni kupendeza tu, kumbuka yale magunia yaliyonyeshewa.

Nawatakia kazi njema na mavuno yafikayo sokoni yakiwa makavu.