Mama Aliyerudi Barabarani: Historia ya Catherine Ndereba

Leo tunazungumza juu ya mazoezi ya mbio ndefu, hasa lile jambo linalowashinda wengi wetu: kuendelea nayo baada ya wiki ya pili.

Kwa miaka mingi wakuu wa michezo waliamini kwamba mwanamke hawezi kustahimili mbio ndefu. Wengine walidai kizazi kitaharibika! Baada ya Olimpiki ya mwaka 1928, hata mbio za mita 800 za wanawake ziliondolewa, zikarudishwa mwaka 1960. Marathoni ya wanawake iliingia Olimpiki mwaka 1984 tu. Nayo marathoni ya Boston, kule Marekani, iliwakubali wanawake rasmi mwaka 1972.

Mwaka huohuo wa 1972, Catherine Ndereba alizaliwa Nyeri. Alipokuwa mtu mzima aliajiriwa na Idara ya Magereza, akawa anakimbia. Tegla Loroupe alikuwa amewafungulia njia wanawake wetu aliposhinda marathoni ya New York mwaka 1994. Kisha mwaka 1997 Ndereba akajifungua mtoto wa kike, na mwaka huo hakushindana.

Sasa mama, sikiliza miaka inavyofuatana. Mwaka 1998 alirudi kwenye mbio za barabarani. Mwaka 1999 alikimbia marathoni yake ya kwanza, huko Boston, akawa wa sita. Mwaka 2000 alirudi palepale akashinda, Mkenya wa kwanza mwanamke kufanya hivyo. Tarehe 7 Oktoba 2001, mjini Chicago, aliweka rekodi ya dunia ya saa 2, dakika 18 na sekunde 47. Alishinda tena Boston mwaka 2001, 2004 na 2005, akawa bingwa wa dunia 2003 na 2007, na akapata fedha ya Olimpiki 2004 na 2008.

Watu husimulia ile rekodi. Mimi napenda zaidi ile nafasi ya sita, kwa sababu angeweza kusema basi, nina mtoto, inatosha. Kutoka kujifungua hadi rekodi ilikuwa miaka minne, si miezi minne.

Wakimbiaji wetu wana desturi ambazo hata wewe unaweza kuziiga. Hutoka kwa kikundi, saa ileile, kwa hiyo asiyefika huulizwa. Kilomita zao nyingi hukimbiwa polepole, na siku za mbio kali ni chache. Wewe anza na dakika kumi za kutembea haraka, kasi ambayo bado unaweza kuongea na jirani yako. Mwombe huyo jirani akupitie. Ukikosa siku tatu kwa sababu mtoto ana homa, usijaribu kulipa deni kwa siku moja; anza tena kwa kidogo.

Baada ya kujifungua, kutembea taratibu kunafaa mara mwili unapojisikia tayari. Kukimbia kungoje uchunguzi wa kliniki wa wiki ya sita, na kama ulifanyiwa upasuaji, usianze kabla ya kuulizia. Maziwa hayaharibiki kwa mazoezi ya kadiri. Nyonyesha kabla ya kutoka, matiti yatakuwa mepesi.

Kuna jambo akina mama huficha, na ndilo huwafanya waache: mkojo kuponyoka wakikimbia au wakikohoa. Hutokea kwa wengi baada ya uzazi na si aibu. Kaza misuli ya chini kana kwamba unazuia mkojo, hesabu hadi tano, legeza. Rudia mara kumi, asubuhi, mchana na jioni, hata ukiwa unachambua mchele. Husaidia baada ya wiki kadhaa, si siku mbili. Lakini ukiona damu imeongezeka, maumivu makali ya tumbo, kifua kubana au mguu mmoja umevimba, acha mazoezi na uende kituo cha afya siku hiyohiyo.