Kuongezewa damu na hatari ya mabonge ya damu katika upasuaji wa mifupa

Mfupa wa paja ukivunjika, lita moja ya damu au zaidi huweza kuvujia ndani ya paja bila tone kuonekana nje. Mwili hujihami kwa kugandisha damu. Mguu usiposogezwa, bonge hujijenga venani, na likichomoka hukwama mapafuni na huweza kuua ghafla. Kuongezewa damu huokoa, ingawa nako kumehusishwa na mabonge. Utafiti wa FOCUS (Marekani na Kanada, 2011), wenye wagonjwa 2,016 waliovunjika nyonga, ulionyesha kwamba kusubiri kuongeza damu hadi himoglobini ishuke chini ya gramu 8 kwa desilita, au dalili za upungufu wa damu zijitokeze, hakukuongeza vifo. Dawa ya heparini huzuia mabonge. Kazi ngumu ni kuchagua saa ya kuianza, kidonda kikiwa bado kibichi.