Bei ya Usiku Kando ya Ruaha

Mwaka 1975 mitambo ya Kidatu ilianza kufua umeme kwa maji ya Mto Ruaha Mkuu. Kufikia 1980 uwezo wake ulikuwa megawati 204. Dar es Salaam ikapata kuangaza usiku wake kwa nguvu za mto huu. Ng'ambo ya pili, upande wa Kilosa, kiwanda cha sukari cha Ruembe hakilali msimu wa kusaga miwa. Wafanyakazi hupokezana zamu.

Mwili haupokezani. Mwaka 2017 Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young walitunukiwa Nobeli kwa kufumbua, kupitia nzi wadogo wa matunda, jinsi jeni zinavyoendesha saa ya mwili. Saa hiyo hurekebishwa na nuru, kama saa yetu ya Kiswahili inavyofuata macheo.

Tusidanganyane kwamba wasio na umeme hulala mapema kama kuku. Utafiti wa mwaka 2015, uliowahusisha Wahadzabe wa hapa kwetu, ulionyesha kuwa hulala takriban saa tatu baada ya machweo. Dhara kubwa, basi, ni kazi inayomkesha mtu hadi alfajiri. Mwaka 2007 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliitaja kazi ya zamu inayovuruga saa hiyo kuwa yaelekea husababisha saratani.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 huuhesabu usiku kuanzia saa 2 hadi saa 12 asubuhi, na nyongeza yake ni angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Kiwango hicho kiliandikwa miaka mitatu kabla ya tamko la wataalamu, nasi twakisoma kana kwamba tamko halikutolewa.