Umoja wa Ulaya na Vita Vyetu: Kwa Nini Bunia Ndiyo, Goma Hapana

Leo tunajibu swali ambalo mnauliza mara nyingi: Umoja wa Ulaya una askari na una franga, mbona mara moja unakuja, mara nyingine hauji?

Jibu linaanzia mbali kidogo. Katika biashara, nchi za Ulaya zilikubaliana mapema kusema kwa kinywa kimoja. Katika mambo ya nje, hapana. Tangu 1970 mawaziri wao walikuwa wakikutana kushauriana tu. Mkataba wa Maastricht, uliotiwa sahihi 1992 na kuanza kazi Novemba 1993, ndio ulioweka siasa ya pamoja ya nje. Lakini kwa maneno makubwa, kama vile kutuma askari, kanuni ilibaki kwamba wote wakubali. Mmoja akikataa, neno limekufa. Ninyi mnaokaa barazani mnajua taabu ya kumngoja mzee wa mwisho aridhike. Kwa hiyo shefu anayeandika barua Brussels tu, ameandikia nusu ya watu. Na aandike pia Paris, Berlin na kwingineko.

Mwaka 1999 walimweka Javier Solana wa Hispania awe sauti yao. Sauti alikuwa nayo, ila maneno alipaswa kupewa. Machi 2003, vita vya Iraki vilipoanza, hakupewa: Uingereza, Hispania na Italia zilikuwa upande mmoja, Ufaransa na Ujerumani upande mwingine.

Sasa sikieni vizuri, maana habari inaingia kwetu. Mei mwaka huohuo askari wa Uganda waliondoka Bunia, na makundi yenye silaha yakagombea mji. Watu walikimbilia uwanja wa ndege na penye askari wa MONUC, ambao walikuwa wachache mno. Tarehe 30 Mei Baraza la Usalama lilipitisha azimio 1484. Tarehe 12 Juni nchi zilezile zilizogombana juu ya Iraki, 15 wakati ule, zilikata shauri la kutuma kikosi. Mbona upesi hivyo? Kwa sababu Ufaransa ilikuwa tayari kubeba mzigo. Wengine walitakiwa kukubali tu, na wachache, kama Uswidi, wakatoa askari wao. Kazi ilipewa mipaka: mji wa Bunia, uwanja wa ndege na kambi za wakimbizi, mpaka tarehe 1 Septemba. Mjini risasi zilipungua. Nje ya mji watu waliendelea kuuawa. Mtu wa vijiji vya Ituri asipoisifu kazi hiyo, mimi simlaumu.

Mwaka 2006 walikuja tena, safari hii Kinshasa, kwa ajili ya uchaguzi.

Halafu 2008. Mwisho wa Oktoba askari wa CNDP wa Laurent Nkunda walikaribia Goma, na familia zikamiminika Kibati. Tarehe 1 Novemba mawaziri wa mambo ya nje wa Ufaransa na Uingereza, Bernard Kouchner na David Miliband, walifika Goma pamoja. Mtu angedhani askari wako njiani. Tarehe 20 Novemba Baraza la Usalama liliiongezea MONUC watu zaidi ya 3,000, lakini hao wangechukua miezi kufika. Katibu Mkuu Ban Ki-moon akaiomba Ulaya kikosi cha kuziba pengo hilo. Ubelgiji ilisema twende. Uingereza na Ujerumani hazikutaka. Zilikuwa na askari wengi Afghanistani. Tena kuna neno la gharama, ambalo watu hawalitaji sana: nchi inayotuma askari ndiyo inayolipa sehemu kubwa ya safari yao. Bunia ilimpata mbebaji. Safari hii hakuna nchi kubwa iliyosema, mzigo huu ni wangu.

Desemba ikaisha, kikosi hakikuja. Tarehe 22 Januari 2009 Nkunda alikamatwa huko Rwanda, baada ya Kinshasa na Kigali kupatana wenyewe kwa wenyewe. Watu wa Kibati walikuwa bado kambini.